INCHI 19 ZA KUUZA SURA: Nani Aliwadanganya Vijana wa Musoma Kwamba Rimu Kubwa Ndiyo Spidi?

Ijumaa jioni picha ilianza kuzunguka kwenye magrupu ya Musoma. Mark X nyeusi, imelala chini kama paka anayevizia dagaa, nyuma yake mawe ya ziwani, jua linazama. Rimu za rangi ya dhahabu, inchi 19, tairi nyembamba mpaka unajiuliza kama imewekwa tairi au imepakwa rangi nyeusi. Juu ya picha yameandikwa maneno matatu: "Mwenye lami kafika."

Maoni yakamwagika. Moto, moto, moto. "Kaka unatuua." "Mzee hiyo chuma si ya mkoa huu." Katikati ya sifa zote hizo, mtu mmoja akauliza swali la kistaarabu kabisa: "Bro, hizo tairi zinafika Bunda kweli na watu watano?" Akajibiwa na watu kumi kwa mpigo. Jibu lililopata vicheko vingi lilikuwa hili: "Wewe baki na rimu zako za mwalimu mstaafu."

Jumamosi mchana ile picha ilikuwa imefutwa.

Stori iko hivi. Mwenye gari, jina kapuni, ni mtu anayefahamika Mukendo mpaka Nyasho. Si staa wa kuimba wala wa kucheza mpira, ni wale mastaa wa mjini: ana wafuasi, anavaa, anaalikwa kila harusi kwa sababu gari lake linapendezesha msafara. Siku hiyo msafara ulikuwa unatoka Musoma kwenda Bunda kwenye harusi ya rafiki yake, naye akapewa heshima ya kumbeba mama mzazi wa bwana harusi. Mama, mashangazi wawili, mpiga picha mmoja, na yeye dereva. Buti limejaa masanduku ya zawadi.

Baada ya kupita Kiabakari gari likaingia kwenye shimo. Si shimo la kutisha, ni lile la kawaida ambalo kila dereva wa barabara ile ameshalipiga mara kadhaa na kuendelea na safari. Jamaa alisikia "ko!", akacheka, akaongeza sauti ya muziki. Mama akauliza, "Mwanangu, hakuna kilichoharibika?" Akajibiwa, "Mama tulia, hii ni chuma ya Mjapani." Kilomita chache mbele tairi ya mbele kushoto ikatoka upepo wote kwa mara moja, usukani ukavutwa kushoto, gari likaenda mtaroni.

Hakuna aliyefariki, na hilo ni la kumshukuru Mungu. Lakini mama wa bwana harusi alivunjika mtulinga. Wakati mwanawe anavalishwa pete Bunda, mama yuko hospitali mkono umefungwa kifuani. Aliyekuja kuwabeba mashangazi waliobaki pale mtaroni ni yule yule wa "rimu za mwalimu mstaafu". Naye ana Mark X. Ya kwake ina rimu za inchi 16 zilizotoka nazo kiwandani, na alipita shimo lile lile dakika kumi baadaye.

Jioni wapambe walikuwa na maelezo tayari: kuna mkono wa mtu. Wivu. Jamaa anapigwa vita kwa sababu anapendeza.

Basi sawa, mkono wa mtu upo. Ila haujatoka kwa mganga. Umetoka kwa aliyemuuzia rimu bila kumuuliza anabeba nani na anapita wapi, kwa mpiga picha aliyemwambia "shusha kidogo tena, itapendeza", na kwa wale wote walioweka alama ya moto na kumcheka mtu mmoja pekee aliyeuliza swali la maana.

Hesabu ambayo hakuna aliyeipiga

Fundi mmoja wa Bweri aliyeletewa ile tairi aliigeuza mara mbili tu, akasema: "Mura, hii haijapasuka. Imekatwa." Akaonyesha mstari ubavuni, mfupi, kama umepigwa na panga butu. Hiyo ni alama ya tairi iliyobanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu. Nyuzi za ndani zikikatika, tairi inaweza kuendelea kwa dakika kadhaa kama hakuna kitu, halafu inaachia.

Kwa nini ilibanwa? Namba ziko wazi ubavuni mwa kila tairi, tatizo ni kwamba watu wanazisoma kama namba za bahati nasibu.

Mark X nyingi zilizoko mtaani zilikuja na saizi 215/60R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ukuta wa tairi kama asilimia ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo ukuta ni asilimia 60 ya 215, yaani milimita 129. Hizo milimita 129 za mpira na upepo ndizo zinazopokea shimo kabla chuma hakijaguswa.

Jamaa alifunga 225/35R19. Asilimia 35 ya 225 ni milimita 79. Ameondoa sentimita tano za mto uliokuwa kati ya mama wa watu na barabara ya Bunda.

Hapo bado. Tairi nyingi za 215/60R16 zina namba 95 kwenye sehemu ya uzito, maana yake kila tairi imeruhusiwa kubeba kilo 690. Ile ya 225/35R19 ina namba 88, yaani kilo 560. Pungufu ya kilo 130 kila kona, kilo 520 gari zima. Na hata hizo 560 zinapatikana tu ukijaza upepo mwingi kuliko ule ulioandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa nguzo ya mlango wa dereva, kwa sababu karatasi ile iliandikwa kwa tairi za kiwandani. Jamaa alijaza 32 kama alivyozoea. Ukuta mfupi, upepo mdogo, watu watano, buti limejaa. Shimo lilikuwa linasubiri tu.

Na bado. Upana wa rimu unaotakiwa kwa tairi ya 225/35 ni inchi 7.5 mpaka 9. Yeye alifunga rimu ya 9.5 kwa sababu tairi ikivutwa inakaa kishalobaro, ukingo wa rimu unachomoza nje. Tairi iliyovutwa namna hiyo ukingo wake haukai vizuri kwenye rimu, na rimu yenyewe ndiyo inakuwa ya kwanza kugusana na jiwe. Halafu springi zilikuwa zimekatwa. Mjapani alipanga vitu vinne vya kuzuia mshtuko: upepo, ukuta wa tairi, springi na shokapu. Jamaa alivipunguza vyote, kisha akasema chuma ni ya Mjapani.

Sasa kuna sehemu ya kuchekesha. Kipenyo cha tairi nzima ya kiwandani, 215/60R16, ni milimita 664. Ile ya 225/35R19 ni milimita 640. Rimu imekuwa kubwa, tairi nzima imekuwa ndogo. Gari limeshuka milimita 12 zaidi kabla hata springi hazijaguswa, injini inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, na spidomita inadanganya: ikisoma 120, gari liko kwenye 116 hivi. Mwenye lami kafika, kumbe kafika kwa kuchelewa.

"Lakini za mbio ni kubwa"

Hii ndiyo hoja inayotupwa kila mtu akigusa rimu za watu. Kwamba hizi ni za kispoti. Kwamba gari la mbio lazima liwe na rimu kubwa na tairi kama karatasi. Kwamba wanaopinga ni wazee wa Corolla.

Haya, waitwe watu wa mbio wenyewe. Mashindano ya dunia ya rali yalirudi Kenya mwaka 2021, Naivasha, hapo jirani tu ukivuka Sirari na kukata Bonde la Ufa. Magari yale yanagharimu pesa ambayo mjini Musoma ungejenga ghorofa. Madereva wake ni bora duniani. Kwenye vumbi na mawe ya Naivasha wanafunga rimu za inchi 15. Kumi na tano! Saizi ya IST. Tairi ni 205/65R15, ukuta wa milimita 133, mrefu kuliko wa Mark X ya mwalimu mstaafu. Magari yale yale yakienda Ulaya kukimbia kwenye lami laini yanafungwa inchi 18, saizi 235/40.

Hapo ndipo penye somo lote. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, kinachobadilika ni barabara. Timu zenye wahandisi na kompyuta zinatazama kwanza chini, kisha zinachagua tairi. Mtu wa Musoma anatazama kwanza Insta.

Na kama rali haitoshi, magari ya Formula 1 yalikimbia na rimu za inchi 13 mpaka msimu wa 2021. Ni mwaka 2022 tu yalipohamia inchi 18. Miaka yote ile walikuwa watu wenye kasi kuliko wote duniani, na rimu ndogo kuliko za bajeti za Mukendo.

Sababu si siri. Kwenye lami laini, ukuta mfupi unasaidia kwa sababu tairi haiyumbi kwenye kona, usukani unajibu haraka, na ndani ya rimu kubwa panapatikana nafasi ya diski kubwa za breki. Ila rimu kubwa mara nyingi ni nzito, na uzito wake umekaa mbali na katikati, kwa hiyo injini inahangaika kuuzungusha na breki zinahangaika kuusimamisha. Ndiyo maana wanaojua mbio huchagua rimu ndogo kabisa inayoweza kufunika breki zao, kisha pesa iliyobaki wanaipeleka kwenye mpira wenyewe. Kwa gari la mbio kinacholeta spidi ni upana wa tairi na ulaini wa mpira. Kipenyo cha rimu kinakuja baadaye.

Mbio zenyewe ziko wapi?

Hili linaumiza kidogo, lakini lazima lisemwe. Mkoa wa Mara hauna uwanja wa mbio za magari. Kwa hiyo kijana wa Musoma akisema "gari langu ni la mtaani na la mbio", mbio anazozisema ni kipande cha lami usiku, kati ya mji na Makutano, au mnyooko wowote wa kuelekea Bunda. Pale pale wanapopita ng'ombe, bodaboda zisizo na taa, watoto wa shule alfajiri, na malori ya kwenda Sirari. Huo si uwanja. Hiyo ni barabara ya watu.

Mwenye hamu ya kweli ya mbio ana pa kwenda. Rali za hapa nchini zipo, Iringa kuna Mkwawa Rally inayojulikana na kila mpenda magari. Kenya kuna mashindano ya kukimbia na saa, gari moja moja, barabara imefungwa, gari la wagonjwa limesimama pembeni. Kule kuna kofia ngumu, kuna ukaguzi. Na jambo la kwanza mkaguzi makini analogusa ni tairi: ina umri gani, ina alama gani ubavuni, nati zote zipo? Wengi wa mastaa wa picha wasingevuka hapo.

Mwenye gari moja la kutumia kote kuwili ana jibu rahisi ambalo watu wa mbio duniani kote wanalitumia: seti mbili. Seti ya kila siku kwa ajili ya mji na safari, seti ya pili kwa ajili ya siku ya mbio, inabebwa kwenye buti au kwenye pikapu ya rafiki na kufungwa kule kule. Tairi laini za mbio, zile zenye namba 200 au chini yake mbele ya neno TREADWEAR ubavuni, zinashika lami vizuri zikipata joto, lakini zinaisha haraka, na nyingi hazina mifereji ya kutosha kutoa maji. Mtu anayetembea nazo Musoma mwezi wa nne, mvua za masika zimeshika, anateleza kwenye dimbwi halafu anasema breki zimekataa.

Kisingizio cha shimo

Wapo watakaosema lawama zote ziende kwa barabara. Shimo lisingekuwepo, mama asingeumia. Ni kweli, shimo halitakiwi kuwepo, na wanaolipwa kulifukia walifukie. Hiyo ni hoja halali, isiachwe.

Lakini shimo halikuwa siri. Kila anayeishi Musoma anajua barabara zake. Anajua matuta ya vijijini yanayokuja bila onyo. Anajua ukichepuka kuingia vijiji vya Butiama lami inaisha na changarawe inaanza, na kwamba njia za Majita zina mawe yasiyosamehe. Anajua upande wa Bunda kuna udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unafanya kila kitu kiteleze. Mvuvi wa Mwigobero hatoki na mtumbwi uliotoboka halafu akalaumu ziwa. Barabara mbovu inajulikana, ndiyo sababu hasa ya kuchagua tairi yenye ukuta.

Kuna na hoja ya Dar. Kwamba staa fulani wa Dar anatembea na inchi 20 kila siku. Staa huyo anatoka Masaki anaenda Mikocheni, anarudi. Akipasua tairi anapiga simu, linaletwa gari jingine. Wewe ukipasua tairi kati ya Kiabakari na Bunda saa mbili usiku, unayempigia ni binamu, na binamu hana salio. Na tairi za 225/35R19 hazikusubiri kwenye kila duka la Bunda. Za 215/60R16 ukikosa mpya utapata hata ya kuazima.

Saizi ambazo hazimuui mtu

Haya yote hayamaanishi kila mtu abaki na rimu alizokuta gari bandarini. Wazee wanaosema rimu yoyote ya kubadilisha ni uhuni nao wamezidisha. Kupendezesha gari si dhambi, na kuna namna ya kupendezesha ukafika.

Kwa Mark X ya 215/60R16, ukitaka kupanda inchi moja, 225/50R17 inakaa vizuri. Kipenyo kinakuwa milimita 657, tofauti na cha kiwandani ni asilimia moja tu, spidomita haipotezi akili. Ukuta unabaki milimita 112, na uzito kwa tairi yenye namba 94 ni kilo 670. Gari linapendeza, kona zinashikwa vizuri zaidi, na shimo la Kiabakari linapita. Mwisho wa safari uwe 225/45R18, ambayo Mjapani mwenyewe aliiweka kwenye Mark X za S. Ukuta ni milimita 101, kipenyo 660. Hapo unaendesha kwa macho, upepo unapimwa kila wiki, na hujazi watu watano na buti juu.

Kwa IST ya 185/65R15, wale wanaofunga 205/40R17 wajue wametoa ukuta kutoka milimita 120 mpaka 82 na kipenyo kimepungua asilimia nne. Kwa gari linalopiga safari za Musoma na Bunda na abiria wanne wa kulipa, hiyo ni kuchezea riziki.

Saizi peke yake haitoshi. Matundu ya nati lazima yalingane. Mark X ni matundu matano, 114.3. Rimu za Kijerumani nyingi ni 112. Tofauti ni milimita mbili na kidogo, fundi mwenye nguvu atazilazimisha, nati zitakubali, na siku moja zitakataa ukiwa kwenye mwendo. Subaru nyingi za zamani ni 100, IST ni matundu manne ya 100. Tundu la kati nalo: likiwa kubwa kuliko habu, inahitajika ringi ya kujazia, vinginevyo usukani utatetemeka na utazunguka gereji zote ukitafuta balansi ambayo haipo. Namba ya ET nyuma ya rimu ikiwa ndogo sana kuliko ya kiwandani, tairi inatoka nje na kula fenda kila ukipakia watu.

Kisha igeuze rimu, tazama upande wa ndani. Rimu ya maana ina alama ya JWL, ambayo ni kipimo cha Kijapani cha rimu za aloi, na mara nyingi uzito wa juu inaoweza kubeba umechongwa pale pale. Alama inaweza kughushiwa, kwa hiyo tazama na nyufa, tazama sehemu zilizochomelewa na kupakwa rangi ya dhahabu juu yake. Rimu ya dhahabu iliyochomelewa ni jeneza lililopigwa vanishi.

Mwisho, tarakimu nne za umri wa tairi. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji anayekwambia "mpya kabisa, ya Dubai" huku tarakimu zinasema ilitoka kiwandani wakati wewe uko kidato cha pili, huyo anakuuzia mpira wa kumbukumbu.

Waliocheka wako wapi?

Jamaa wa rimu za dhahabu si mtu mbaya. Wanaomjua wanasema alilala hospitali siku mbili, kwenye benchi, akisubiri mama aruhusiwe. Alipoingia kumsalimia, "Shikamoo mama," mama aliitikia marahaba, akamwambia neno moja tu: "Mwanangu, ungeniambia ni gari la picha, ningepanda Noah." Dah. Hilo limemuuma kuliko bili ya gereji.

Rimu ameziondoa. Inasemekana zimepata mteja mwingine tayari, kijana mdogo wa Kamunyonge, amepewa mbili nzima na mbili zilizonyooshwa kwa nyundo. Muuzaji hakumwambia zilitoka kwenye gari gani. Picha itapandishwa karibuni, pengine nyuma yakiwa mawe ya Butiama, na watu watajaza moto kama kawaida.

Safari hiyo kuna mtu atauliza tena: "Bro, hizo zinafika Bunda na watu watano?" Mbio za kujibu ndizo zitakazoonyesha kama mji umejifunza kitu. Kumcheka ni bure. Ila kijana akimbeba mama wa mtu kesho yake, hakuna atakayekuwa amempa jibu la bure.

Wadau, uwanja ni wenu. Gari lako lina saizi gani, na ulipita wapi nalo mara ya mwisho likiwa limejaa? Dondosha maoni hapo chini, namba za ubavuni ziandikwe zote, za kuuza sura na za kufika.